Mjadala: Je, serikali itumie kodi na sheria kuzuia magonjwa sugu, au imwachie kila mtu achague mwenyewe?

Mleta mada

Ndugu wanajamii, ninaunga mkono serikali kuingilia kati, ila kwa sharti moja nitakalolieleza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa yasiyoambukiza, hasa ya moyo, kiharusi, saratani, kisukari na ya mfumo wa hewa, yalisababisha takriban robo tatu ya vifo vyote duniani mwaka 2019. Wanaopinga husema kinywa ni mali ya mwenye nacho, kwa hiyo elimu inatosha.

Basi chukua kopo la soda la mililita 330 uligeuze upande wenye maandishi madogo. Sukari imeandikwa kwa kila mililita 100, mara nyingi gramu kumi na ushei. Ukishapiga hesabu mwenyewe ndipo unapong'amua kwamba umeshika gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai, ilhali shirika hilo linapendekeza mtu mzima abaki chini ya gramu 25 kwa siku ikiwezekana. Ni nani anayepiga hesabu hiyo akiwa na kiu? Chumvi ndiyo inajificha zaidi, kwa sababu kwa watu wanaotegemea vyakula vya viwandani sehemu kubwa yake imeshaingia ndani ya mkate, soseji na supu ya pakiti kabla mlaji hajagusa kichupa cha mezani. Kumhubiria mtu apunguze kitu ambacho hakukitia yeye ni kumwonea.

Sharti langu ni kwamba kodi imlenge mwenye kiwanda. Uingereza ilitangaza ushuru wa vinywaji vyenye sukari mwaka 2016 na kuanza kuutoza Aprili 2018: peni 18 kwa lita kuanzia gramu 5 za sukari kwa mililita 100, peni 24 kuanzia gramu 8, na chini ya gramu 5 hakukuwa na ushuru. Katika ile miaka miwili ya kusubiri, viwanda vingi vilipunguza sukari ili kukwepa ngazi hizo, na huko kukwepa ndiko kulikokusudiwa. Denmark, kwa upande wake, ilianza Oktoba 2011 kutoza kodi mafuta yanayoganda, kama ya siagi, jibini na nyama. Siagi haiwezi kuondolewa mafuta ikabaki siagi; watu wakavuka mpaka kununua Ujerumani na Sweden, na kodi ikafutwa kuanzia Januari 2013.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, mfano wako wa Denmark unanisaidia mimi kuliko wewe. Kodi ya chakula humbana zaidi mwenye kipato kidogo, maana chakula hula sehemu kubwa ya pato lake. Tajiri haoni tofauti. Isitoshe, sukari iliyopunguzwa mara nyingi hujazwa pengo na vitia utamu bandia, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Je, hapo tumezuia ugonjwa au tumebadilisha kilichomo kwenye kopo tu?

Mchangiaji wa pili

Mnabishana kana kwamba serikali na wananchi ni kambi mbili. Karelia ya Kaskazini, nchini Finland, ilikuwa na vifo vya kutisha vya ugonjwa wa moyo, na mwaka 1971 wawakilishi wa eneo hilo ndio walioiandikia serikali kuomba msaada. Mradi ulioongozwa na Pekka Puska ulianza 1972, ukiingia hadi jikoni kwa akina mama na shambani kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao baadhi yao walisaidiwa kugeukia kilimo cha matunda ya beri. Katika miongo iliyofuata, vifo vya ugonjwa huo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mfugaji aliyeonyeshwa pa kupata riziki nyingine hana sababu ya kuipinga sera.

Mleta mada

Kuhusu vitia utamu ninakubali, na ningependa sheria ipunguze utamu wenyewe hatua kwa hatua hadi ulimi uzoee. Kuhusu kipato ninakataa: kinywaji kilichoshuka chini ya gramu 5 hakikulipiwa ushuru huo hata peni moja, na mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi kisukari kinapofika kwenye figo, kwa sababu kusafisha damu ni gharama ya kila wiki, si ya siku moja. Hoja ya beri sikuwa nimeifikiria. Ninayemtaka sasa ni mchangiaji atakayetueleza nani akae kwenye meza inayopanga hizo gramu, kwa kuwa mwenye kiwanda akikaa humo, ngazi ya chini itapangwa pale pale bidhaa yake ilipo leo.