Sindano ya testosteroni: wiki ya kwanza niko moto, wiki ya tatu nazima. Ushauri wakuu

Mleta uzi, Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 41, nilipimwa asubuhi mara mbili testosteroni, yani homoni ya kiume, ikakutwa chini sana, dokta akanianzishia sindano ya Sustanon 250 kila wiki tatu. Siku ya pili ya tatu nakuwa moto kweli, wiki ya tatu nazima kabisa, juzi nilikuwa nashuka Buguruni nikasinzia kwenye daladala nikashtukia niko Kariakoo. Jamaa wa gym anasema nihamie propioneti, aina nyingine ya sindano ya testosteroni, anayo yeye. Nifanyeje?

Mfamasia
Mkuu ya jamaa wa gym usiiguse hata akikupa bure. Homoni ni ileile kwenye sindano zote, tofauti ni esta, yani kama mkia ulioshikizwa kwenye testosteroni, mkia ukiwa mrefu dawa inapenda mafuta zaidi so inakaa kwenye msuli inatoka kidogo kidogo, ikishaingia kwenye damu vimeng'enya vinaukata mkia ndo homoni inafanya kazi. Soma boksi lako: propioneti mg 30, fenilpropioneti 60, isokaproeti 60, dekanoeti 100. Huo moto wa mwanzo ni zile fupi, zikiisha unabaki na dekanoeti peke yake na yenyewe inaelekea kuisha. Sasa ukihamia propioneti tupu utachomwa karibu kila baada ya siku moja, utaweza?
Mwambie dokta akupime siku ileile ya sindano KABLA hujachomwa, hapo ndo ataona umeshuka kiasi gani, anaweza kusogeza siku. Na wingi wa damu upimwe pia, dawa hii inaweza kuifanya iwe nzito.

Mwenzio wa Mbagala
Mie natumia andekanoeti, esta yenye mkia mrefu, jina la dukani Nebido, mg 1000 kwenye mafuta ya nyonyo. Ya pili nilichoma baada ya wiki 6, sasa hivi ni kila wiki 12. Inasukumwa taratibu mno, zaidi ya dakika moja umelala kifudifudi, ila kupanda na kushuka kumeisha. Bei ndo inauma.

Dada wa maabara
Kaka bado mnatafuta mtoto? Esta yoyote ile, fupi kwa ndefu, ubongo ukiona homoni imejaa unaacha kuziamsha korodani, mbegu zinapungua sana na zinaweza kuisha kabisa.

Mleta uzi, Tabata
Dah dada, tunatafuta wa tatu mwaka wa pili huu na hospitali hakuna aliyeniuliza hilo. Sindano ilikuwa nichomwe Jumatatu hii inayokuja, naenda ila sichomwi mpaka tuongee na dokta, na mke wangu nakwenda naye.