Miezi mitano ofisini kwa wakili kabla ya Law School: niitumieje nisiishie kubeba mafaili?

Nuru_Moro
Shikamooni mawakili wasomi, na habari zenu wengine.

Nimemaliza LLB (shahada ya sheria), nina miezi mitano mpaka nianze Law School of Tanzania, mafunzo ya kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Wakili mmoja hapa mjini amekubali nikae ofisini kwake. Posho hakuna, nauli atanisaidia. Ofisi ina mawakili wawili, kazi nyingi ni ardhi na mirathi, kidogo madai ya kawaida.

Naogopa mambo mawili. Kwanza, kumaliza miezi yote nikitoa kopi na kupeleka barua. Pili, yale matokeo ya Law School ya 2022, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Nimuombe nini siku ya kwanza? Nianze na nyaraka zipi?

KalamuNyekundu
Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote ingia e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, tafuta jina lake, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Usione aibu, ni jambo la dakika mbili, na jina lako litahusishwa na ofisi hiyo.

Siku ya kwanza muombe kitu kimoja: kila wiki umwandalie rasimu moja, naye aisahihishe kwa kalamu, kwenye karatasi. Usimwombe "anifundishe uwakili", maana mtu mwenye kesi tatu asubuhi hana pa kuanzia. Rasimu mkononi anajua la kuifanyia. Zile karatasi zenye wino zitunze kwa tarehe. Kosa likijirudia mara ya tatu, hilo ndilo la kulikalia jioni.

Anza na barua ya madai kabla ya shauri, kisha hati ya kiapo (affidavit), halafu hati ya madai na majibu yake. Hoja za maandishi ziache mwisho, ingawa ndizo kila mhitimu anazikimbilia.

Kwenye kiapo usiharakishe. Kiapo ni ushahidi, kwa hiyo kinabeba mambo ya hakika tu. Hoja za kisheria, maombi na maoni havina nafasi humo. Msimamo huo uko tangu *Uganda v. Commissioner of Prisons, Ex parte Matovu* ya 1966, na bado viapo vinapigwa pingamizi kwa sababu hiyo. Angalia pia uthibitisho wa mwisho: lazima useme aya zipi mwapaji anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa, na ameambiwa na nani. Halafu sehemu ya kuapishwa ionyeshe jina la aliyeapisha, mahali na tarehe. Tarehe ikisahaulika, kazi nzuri ya kurasa kumi inaweza kuondolewa bila kusikilizwa.

Zoezi linalojenga kuliko yote: omba faili lililofungwa. Soma maelezo ya mteja na vielelezo tu, usiguse nyaraka zilizowasilishwa. Andaa hati yako ya madai, kisha ilinganishe na ile ya wakili. Tofauti utakazoziona zinafundisha kuliko wiki nzima ya mhadhara.

Na ile tabia ya kuchukua nyaraka ya zamani na kubadilisha majina iache mapema. Hapo ndipo mteja wa Kihonda anapopewa mipaka ya kiwanja cha mtu wa Kilosa.

Masijala
Naongezea upande wa tarehe, maana hapo ndipo kesi zinakufa kimyakimya.

Omba upewe shajara ya ofisi uwe mlinzi wake. Majibu ya madai ni siku 21 tangu mdaiwa apokee hati ya wito. Notisi ya rufani kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi, na kumbukumbu za rufani ni siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Sasa angalia hapa: nakala ya mwenendo wa shauri, ambayo lazima iwemo kwenye kumbukumbu hizo, mara nyingi haitoki ndani ya hizo 60. Ili siku za kusubiri zisihesabiwe, barua ya kuomba nakala lazima iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake impate mjibu rufani. Wengi wanakumbuka kuiandika, wanasahau kumpelekea mwenzao. Ulinzi wa cheti cha ucheleweshaji, kile kinachoondoa siku za kusubiri nakala kwenye hesabu, unapotea hapo hapo.

Muda ukishapita na mnaomba kuongezewa, soma hukumu za *Lyamuya Construction* (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010) na *Bushiri Hassan v. Latifa Lukio Mashayo*. Zote ziko TanzLII, mtandao wa hukumu za Tanzania, bure. Kila siku ya kuchelewa inatakiwa ielezwe, hata kama ni moja.

Kwa ardhi: tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Mteja akija na mgogoro wa kupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, swali lako la kwanza liwe kama amepitia kata na ana hati kwamba usuluhishi umeshindikana. La pili ni thamani ya eneo, kwa kuwa Baraza la Wilaya linaishia shilingi milioni 300 kwenye madai ya kurejeshewa ardhi. Na eneo lielezwe kwa namba ya hati au kwa mipaka. "Shamba lililopo Mvomero" haitoshi.

Mirathi, kosa kubwa ni kudhani kazi imeisha msimamizi akishateuliwa. Mahakama ya Mwanzo anatakiwa arudishe Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, kisha Na. 6 ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Mahakama Kuu orodha ni miezi sita, hesabu mwaka mmoja. Ziandike kwenye shajara siku ile ile ya uteuzi.

Nuru_Moro
Asanteni sana, nimenakili yote. Moja lingine: majirani wameshaanza kuniomba niwaandikie mikataba ya pango kwa elfu ishirini. Nikiwa chini ya wakili inaruhusiwa?

KalamuNyekundu
Hapana, mdogo wangu, hata kwa elfu tano. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inafanya kuwa kosa kwa asiye na sifa kuandaa nyaraka zinazohusu mali au mashauri kwa kutarajia malipo. Hao ndio tunaowaita vishoka. Na ukija kuomba kuapishwa, mwenendo wako utaangaliwa. Mlete jirani ofisini, wakili apokee maelekezo, wewe uandae rasimu, yeye asaini na jina lake litokee kama mwandaaji. Bei wapange wao.

PwaniMsa
Kwa wasomaji wa huku Kenya, mpangilio ni tofauti kidogo. Uanagenzi ni miezi sita na ni sharti la kuapishwa, chini ya wakili mwenye angalau miaka mitano kazini. Mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria ni masomo tisa, na mtihani wa maandishi wa kila somo hubeba asilimia 60. Zilizobaki hutoka kwenye mradi na mtihani wa mdomo. Hivyo asiyezoea kuzungumza sheria kwa sauti huacha alama mezani. Dada, hata huko Moro jizoeze kumweleza wakili faili zima kwa dakika tatu bila kusoma.

Masijala
Hoja ya kuzungumza naiunga mkono, na iwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki Tanzania, Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Vyuo vimetufunza kwa Kiingereza, kwa hiyo mhitimu anajua *plaintiff* vizuri, ila akisimama anababaika kati ya mdai, mleta maombi na mrufani. Kila rasimu anayokusahihishia, iandike upya kwa Kiswahili umpe tena. Akikataa kuisoma kwa kukosa muda, mpe karani wa ofisi aliyezoea mahakamani. Atakuonyesha neno lililokaa vibaya.