Nimesomea vitabu vya miaka 400 iliyopita, sasa nimekwama. Nirudi Bongo au nibaki Uingereza?

KaratasiChafu (mleta mada)
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni msomaji wa kimyakimya hapa kwa miaka mingi, leo imebidi niandike.

Nipo Uingereza mwaka wa saba. Nilikuja kwa masomo ya uzamili nikaunganisha na PhD. Fani yangu ni tamthilia za Kiingereza za enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza na Mfalme James, pamoja na historia ya vitabu vyenyewe: nani alichapa, kwa karatasi gani, nani alipanga herufi, kosa lipi lilisahihishwa mashine ikiwa kazini na lipi likaachwa lipite. Watu wakisikia husema "aah, Shakespeare". Ni yeye na wenzake. Kuna Marlowe, Jonson, Middleton, Webster. Thomas Heywood peke yake alitamba mwaka 1633 kwamba ametia mkono katika tamthilia 220, na nyingi leo hazipo.

Siku yangu ni hivi: begi linabaki kabatini, naingia na penseli tu, kalamu ya wino marufuku. Zile glavu nyeupe za kwenye filamu hatuvai kwa vitabu vya karatasi, unanawa mikono na kuikausha basi, maana ukivaa glavu huihisi karatasi na unaichana. Halafu nakaa na kwarto, kijitabu cha karatasi zilizokunjwa mara mbili, zama zile kiliuzwa kama peni sita hivi, nalinganisha nakala moja na nyingine herufi kwa herufi mpaka macho yanauma.

Naipenda kazi hii. Mwaka 1619 pale London zilichapwa tamthilia 10 za kuuzwa kwa jina la Shakespeare, na baadhi zikapigwa miaka ya uongo, 1600 na 1608, zionekane za zamani. Uongo ule ulisimama hadi 1908, alipotokea Greg, mtafiti Mwingereza wa vitabu vya kale, akachunguza karatasi na kukuta alama za maji zilezile ndani ya vitabu vinavyodai kupishana miaka mingi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu: ukurasa wa jina unaweza kukudanganya, karatasi haikudanganyi.

Sasa shida. Viza ya wahitimu ya miaka 3 inaisha miezi minne ijayo. Nafundisha kwa kulipwa kwa saa. Nimeomba kazi 41, nimeitwa usaili mara 3, nimekosa zote. Mkataba wa chuo ukiisha, neno la siri la kuingilia picha za vitabu mtandaoni nalo linakufa. Mama yuko Tanga, kila Ijumaa anauliza nitarudi lini. Na kuna mambo ya kazini yamenichosha pia. Nirudi au nibaki? Naombeni ushauri wa kistaarabu.

ParachichiNjombe
Rudi. Ardhi haikuulizi viza. Miche ya parachichi ninayo, bei ya wanajukwaa, njoo PM.

Mla_Supu
Mkuu nimesoma haraka nikaona "nakaa na kwato". Nikasema huyu mwenzangu kabisa, supu asubuhi. Kumbe karatasi. Nimevunjika moyo.

MwalimuMstaafu
Kijana wangu, umenikumbusha mbali. Nimefundisha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, miaka isiyopungua ishirini. Kumbuka aliitafsiri akiwa anaongoza nchi, ikatoka 1963, akairudia tena, toleo la pili likatoka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Rais anarudi kusahihisha tafsiri yake! Nilikuwa na mwanafunzi mmoja akicheza Bruto, alikuwa na kigugumizi, lakini akipanda jukwaani kigugumizi kinakwisha. Leo ni diwani, kigugumizi kimerudi, hasa akiulizwa habari za barabara. Nilitaka kusema nini? Ndiyo, vitabu. Usiviache.

Ostadh_Kibada
Miaka saba ughaibuni kusoma michezo ya kuigiza. Elimu ni njema, lakini mtu ajiulize inamfaa nani. Na ndoa je, kaka?

KaratasiChafu
Mimi ni dada, ustadhi. Na ndoa siyo mada.

Ostadh_Kibada
Basi swali langu ndiyo limekuwa zito zaidi.

FundiChapa_Kkoo
Mimi nachapa kadi za harusi na kalenda, Kariakoo. Achana na hao. Nieleze hiyo alama ya maji. Sisi karatasi yetu inakuja kwenye rimu, haina alama yoyote. Hao wa zamani waliitiaje?

KaratasiChafu
Swali zuri fundi. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono, moja moja, na nyingi waliyotumia London ilitoka Ufaransa. Matambara yanaloweshwa na kupondwa mpaka yanakuwa uji, unachota kwa fremu yenye wavu wa waya, maji yanachuruzika, inabaki karatasi. Waya nene zinaacha mistari. Halafu katikati ya nusu moja ya fremu wameshonea umbo la waya, jagi, au zabibu, au mkono. Pale karatasi inakuwa nyembamba, ukiinua kwenye mwanga unaliona lile umbo. Ukiikunja karatasi mara moja ni folio, ile mistari inasimama. Ukikunja tena ni kwarto, mistari inalala.

FundiChapa_Kkoo
Asante. Leo nimesoma kitu.

Wambo_Nairobi
Dadangu, pole na stress. Lakini kuna kitu hakinikalii sawa. Mimi kazi yangu ni madai ya bima, nasoma barua za watu kutwa. Mtu akikueleza habari za glavu aya nzima, halafu ile shida yenyewe anaipitia kwa mstari mmoja, "mambo ya kazini yamenichosha", hapo ndipo kuna stori. Ni mambo gani?

KaratasiChafu
Ni kawaida tu dada, siasa za ofisi.

Wambo_Nairobi
Ofisi gani na wewe unalipwa kwa saa?

Mla_Supu
😂😂 Nimevuta kiti.

KaratasiChafu
Haya. Mwezi wa tatu mfanyabiashara mmoja wa vitabu vya kale alinipa kwarto moja nimwandikie maelezo ya katalogi: ukubwa, idadi ya majani, jalada, nani wamewahi kuimiliki. Jani ni karatasi moja, mbele na nyuma. Akanilipa pauni 600. Nikaandika, nikasaini na "Dkt." mbele ya jina, mara ya kwanza kulipwa kwa cheo hicho. Niliandika kwamba majani yote yapo. Katalogi inatoka mwezi ujao. Sasa lile jani la mwisho karatasi yake inatofautiana kidogo na mengine, lina jagi zima katikati. Maneno yote ni sawa na nakala nyingine. Pengine si kitu. Nimelitaja kwa sababu mmeuliza, swali langu bado ni kurudi au kubaki.

Wambo_Nairobi
Na tiketi umeshakata?

KaratasiChafu
Tarehe 19. Ya kwenda tu. Ilikuwa bei nafuu.

Mama_Nasra
Sasa mwanangu, tiketi umeshakata halafu unatuuliza uje au usije? Unataka ushauri au unataka tukupungie mkono uwanja wa ndege?

BingwaWaChai
Nimekaa kimya muda mrefu ila hii ni chai, tena ya maziwa. ID mpya, uzi wa kwanza, Kiswahili kimenyooka kama cha gazeti. Nimepekua kidogo: Hamlet ya 1603 duniani kote zimebaki nakala 2, moja London na nyingine California, na zote zina majani yaliyopotea. Vitu hivyo hakabidhiwi mtu anayelipwa kwa saa. Mods unganisheni huu uzi na ule wa jamaa aliyeokota almasi kwenye mfuko wa mchele.

KaratasiChafu
Sijasema ni Hamlet. Sijasema ni Shakespeare. Kwarto za waandishi wengine zinauzwa mpaka leo. Jina la tamthilia sitalitaja, fani yetu ni ndogo, nitajulikana kesho.

FundiChapa_Kkoo
Subirini. Mimi sina hoja ya ID mpya, nina hoja ya karatasi. Nimechukua karatasi ya kalenda, nikaigawa kwa mstari, nikachora jagi katikati ya nusu moja kama alivyoeleza dada mwenyewe. Nikakunja mara moja. Jagi lipo katikati ya jani, safi. Nikakunja mara ya pili. Jagi limeangukia kwenye mkunjo, nusu huku nusu kule. Nimekunja na kukunjua mpaka kijana wangu wa kazi ananiuliza kama niko sawa. Kwenye kwarto jagi haliwezi kukaa zima katikati ya jani. Kwa hiyo dada, ama hiyo kazi huijui, ama kweli unatunywesha chai.

BingwaWaChai
FUNDI!!! Mpeni huyu mtu maua yake.

Mla_Supu
Imeisha hiyo. PhD imefutwa na kalenda.

ParachichiNjombe
Mimi sikuamini tangu mwanzo. Ila miche ni ya kweli.

MwalimuMstaafu
Tumpe nafasi ajibu. Darasani hatumhukumu mtu kabla hajasimama.

*(Kimya cha saa sita hivi.)*

KaratasiChafu
Fundi, umeniumbua kwa karatasi ya kalenda. Uko sahihi kabisa. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Majani mengine yote mistari yake inalala, na jagi limekatika kwenye mkunjo kama ulivyoona. Jani la mwisho ni la kupachika. Mtu alichukua karatasi tupu ya zamani kutoka kitabu kikubwa, folio, akaipunguza ilingane na kwarto, akachora maneno yote kwa kalamu, herufi moja moja, mpaka zile zilizochapwa zikiwa na ufa. Karne ya 19 ilikuwa kazi halali kabisa. London alikuwepo John Harris, fundi wa kujaza majani yaliyopotea, mkono wake ulikuwa unawasumbua hata watunza vitabu kujua lipi lake na lipi la asili. Si kosa kuwa na jani kama hilo. Ila lazima useme, maana bei inashuka sana.

Na ambalo sijasema: sikuligundua baadaye. Niliinua jani lile dirishani kabla ya kusaini, nikaliona jagi, nikalishusha. Jamaa alikuwa mezani ananisubiri, kodi ya nyumba nilikuwa nyuma miezi miwili. Nikaandika "majani yote yapo". Na si uongo! Yapo. Sikuandika kwamba yote ni ya asili. Asome mwenyewe vizuri.

Mama_Nasra
Mwanangu, mimi niliuziwa gari Tegeta. Nikaambiwa "mama, injini haijafunguliwa". Kweli haikufunguliwa, kwa sababu haikuwa injini yake, ilitolewa gari jingine ikapachikwa nzima nzima. Fundi aliniambia hivyo hivyo kwa kicheko, "mama, hajakudanganya". Nililia kwenye daladala kutoka Tegeta mpaka Mwenge. Huyo atakayenunua kitabu chako si mama yako, lakini naye ana mama.

Ostadh_Kibada
Ukweli wa nusu ni uongo uliovaa kanzu. Rudisha hizo pauni 600, na usikimbilie kwa mama na doa.

BingwaWaChai
Bado nasema chai. Ila sasa imekolea tangawizi, naendelea kunywa.

Wambo_Nairobi
Sikiza. Nimeona barua nyingi za "sikudanganya, nilinyamaza". Katalogi haijatoka, kitabu hakijauzwa. Leo hii ni marekebisho, baada ya mwezi itakuwa kesi. Andika email fupi, usijieleze, usilie: jani la mwisho ni nakala ya mkono, naomba maelezo yabadilishwe, maelezo mapya haya hapa. Mambo ya kodi ya nyumba usiyatie. Halafu tiketi ni shauri lingine kabisa, usiyachanganye.

KaratasiChafu
Atasema kwa nini sikuiona mwanzo. Nitajibu nini? Nikisema sikuiona, mimi ni mjinga. Nikisema niliiona, mimi ni mwizi. Hii fani watu wanapeana kazi kwa kunong'ona. Nikiwa Tanga nani atanijua?

MwalimuMstaafu
Greg wako wa 1908 atakujua, mama. Au Greg mwingine. Si umetuambia mwenyewe mwanzo wa uzi unavyowaambia wanafunzi?

Mla_Supu
Mwalimu kapiga kwa kwato 😂

FundiChapa_Kkoo
Dada, samahani nilikuita mwongo. Mimi pia nimewahi kuchapa kadi 300 jina la bwana harusi limekosewa herufi, nikaona, nikafunga boksi nikakabidhi. Nilisema wataona wenyewe. Waliona, siku ya harusi. Miaka kumi na moja sasa ule mtaa siupiti.

Swali moja la kiufundi. Lile jani la kupachika, mistari yake inasimama au inalala?

KaratasiChafu
Inasimama.

FundiChapa_Kkoo
Basi hata mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza ataliona akiliinua kwenye mwanga. Tuma hiyo barua.

KaratasiChafu
Nimeandika. Mistari mitano. Iko kwenye rasimu.

Wambo_Nairobi
Rasimu haijawahi kumsaidia mtu.

KaratasiChafu
Saa 5:40 usiku huku kwetu. Nimetuma. Mikono inatetemeka, sijui nilale au nikae nisubiri jibu.

BingwaWaChai
Weka picha ya hilo jagi nitaamini.

ParachichiNjombe
Samahani, nimechelewa kusoma. Kwa hiyo tarehe 19 unakuja au huji? Nilishakutengea miche hamsini.