Naomba ushauri: solfa (zile do re mi) naijua, nota za mistari zinanitoa jasho

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Masasi, kidato cha tatu. Kwaya nimeimba tangu mdogo, na karatasi zetu zote ni za solfa. Sasa mtihani wa nadharia unakuja, tumepewa kipande cha kuchambua: sehemu ya kwanza ya Eine kleine Nachtmusik ya Mozart, ya mwaka 1787.

Mwanzo hauna shida. Do ni G, do so do, so do so do mi so, hata mdogo wangu anaimba akichambua mboga. Kizungumkuti ni wazo la pili, yaani melodi kuu ya pili. Linakuja kwenye D, C zinawekewa shapu (alama ya kupandisha nusu sauti), halafu kuelekea mwisho wazo lilelile linarudi kwenye G! Kwa masikio ya kwaya nahamisha do tu, ila kwenye karatasi napotea kabisa.

Je, niandike chote kwa solfa kwanza, au najichelewesha? Na namba za baa (vile vipimo vya mapigo kwenye muziki jamani, si zile za mjini) mlizikariri vipi? Simu ni ya mama, naipata usiku tu, na bando mnalijua. Mwenye njia ya daftari na penseli anisaidie.