Filamu ipi ya James Bond ilimtambulisha staringi mpya vizuri zaidi?

Reli_ya_Kati (mleta mada)
Wakuu, tangu Daniel Craig aage na No Time to Die mwaka 2021 tunasubiri Bond mwingine. Amazon MGM ndio wenye usukani sasa, na Denis Villeneuve ametajwa kuongoza filamu ijayo. Wakati tunangoja, tulinganishe zile filamu za utambulisho tu. Nani Bond bora ni mjadala usioisha, tuuache. Ninachouliza ni hiki: filamu ipi ilikufanya umkubali mgeni hata ukaacha kumtafuta aliyetangulia?

Dr. No ya 1962 naiweka pembeni kwa sababu Sean Connery hakuwa na wa kupimwa naye. Kura yangu ni Casino Royale (2006). Kabla haijatoka watu walimkataa Craig kwa nywele zake za dhahabu tu, wengine wakafungua tovuti ya kuisusia filamu. Kisha inaanza kwa picha nyeusi na nyeupe, anaua mtu chooni kwa tabu, bila madaha yoyote. Halafu lile fukuzana la kwenye jengo: Sébastien Foucan anapenya kwenye upenyo mdogo juu ya ukuta kama paka, Craig anaupasua ukuta kwa mwili wake. Bila maneno mengi tumeshajua ni mtu wa aina gani.

BintiChumbageni
GoldenEye (1995), na sibadiliki. Filamu ya Bond iliyotangulia, Licence to Kill, ilitoka 1989, ikapita miaka sita kimya. Katikati hapo Ukuta wa Berlin umeanguka, Umoja wa Kisovieti haupo, watu wanauliza jasusi huyu wa nini tena. Filamu haikulikwepa swali hilo. Bosi mpya, M wa Judi Dench, anamwambia Pierce Brosnan usoni kwamba yeye ni masalia ya vita baridi. Adui naye ni wakala mwenzake, 006. Na ule mruko wa mwanzo kwenye bwawa la Verzasca, Uswisi, mita 220 kwenda chini! Sura ya Brosnan bado hatujaiona vizuri, ila moyo tumeshampa.

Na kumbuka mkuu, filamu yako na yangu zimeongozwa na mtu mmoja, Martin Campbell.

Mzee_wa_Siti_ya_Nyuma
Vijana, mnaipita Live and Let Die (1973) bila kuisalimia. Roger Moore alikuwa na mzigo mzito kuliko hao wote. Connery alishacheza mara sita, na aliyejaribu kumrithi alikaa filamu moja tu.

Tazameni kilichofanyika. Moore haagizi martini hata mara moja, anakunywa bourbon. Anavuta sigara nene. Q, yule mtengeneza vifaa, hayupo. Haendi ofisini kwa M, M ndiye anayemgongea nyumbani kabla hakujapambazuka. Hata muziki si wa John Barry, mtunzi wa filamu za Connery, ni wa George Martin, na wimbo ni wa Paul McCartney. Kila kilichokuwa na harufu ya Connery kilifagiliwa nje.

Sasa mlinganishe na George Lazenby, 1969. On Her Majesty's Secret Service ina hadithi nzito kuliko zote kwangu: Bond anaoa, na mkewe anauawa siku ileile ya harusi. Lakini majina ya mwanzo yanapita juu ya picha za filamu za Connery. Bond anafungua droo, anatoa vifaa vya filamu zilizopita, na muziki wa filamu hizo unapigwa. Mfagiaji naye anapiga mluzi wa Goldfinger, filamu ya Connery. Kila dakika unakumbushwa nani hayupo. Mwaka 1971 Connery akarudi.

Mtu_wa_Malaba
Shikamoo mzee, umenifungua macho, maana Casino Royale ilifuata njia hiyohiyo. Q hayupo, Moneypenny, karani wa M, hayupo. Mtunzi David Arnold ameuficha ule muziki maarufu wa Bond mpaka mwisho kabisa, Craig anapotaja jina lake.

Nina kinyongo kimoja nayo. Mwanzoni kiongozi wa LRA, waasi wa Uganda, anamkabidhi Le Chiffre, adui wa filamu, pesa zake, na maandishi yanasema tuko Mbale, Uganda. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, mashariki, wakati vita vya LRA vilikuwa kaskazini, kwa Waacholi. Pesa hizo ndizo zinazobeba hadithi nzima hadi kwenye meza ya karata kule Montenegro. Kitu kikubwa hivyo kilistahili ramani sahihi.

BintiChumbageni
Marahaba kwa niaba ya mzee, ila nampinga. GoldenEye ilirudisha kila kitu: Aston Martin DB5, Q wa Desmond Llewelyn, martini. Na Brosnan alikubalika palepale. Kufagia kunahitajika pale aliyeondoka bado anapendwa. Mwaka 1995 watu walikuwa na njaa, walitaka chakula walichokizoea.

Kijana_wa_Ngamiani
Timothy Dalton hana wakili humu? The Living Daylights (1987), Gibraltar: mawakala watatu wanaruka na parachuti, hujui Bond ni yupi. Mmoja anauawa, wa tatu anageuza uso, ndiye. Kwangu hakuna utambulisho safi kuliko huo.

Reli_ya_Kati
Kijana, sekunde zile nakupa, filamu nzima sikupi. Binti, hoja ya njaa imenigusa, na safari hii subira imekuwa ndefu pia. Ila Craig bado anapendwa, kwa hiyo kwa kipimo chako mwenyewe Villeneuve itabidi afagie. Mzee, ungekuwa wewe, ungeanza kuondoa nini?

Mzee_wa_Siti_ya_Nyuma
DB5. Craig aliishinda kwenye karata filamu yake ya kwanza na akaendelea kuonekana nayo mpaka ya mwisho. Mgeni apewe gari jingine.