Kura zikikaribiana, zirudiwe?

Juma: jamani mi nauliza tu, watu wakipishana kura chache na kila upande unalia kaibiwa si bora warudie tu yaishe?? mbona rahisi

Da Rehema: rahisi kwako wewe usiyesimama foleni 😂

Mjomba Saidi: Juma mwanangu, kupishana kidogo sio kosa. Aliyezidi kwa kura moja kashinda. Cha kuuliza ni je, palikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ingeweza kugeuza matokeo?

Juma: sasa mjomba si ndo hapo, tofauti ikiwa ndogo kakasoro kokote kanageuza. Uchaguzi wa urais Marekani 2000, jimbo la Florida Bush alimzidi Gore kura 537 katika karibu milioni 6, na karatasi zingine za kura, zile za kutoboa tundu, hata hazijatoboka sawasawa, hapo nani anajua mshindi wa kweli

Mwanaidi: hapo dawa ni kuhesabu upya sio kupiga upya, na mahakama ikasimamisha hesabu yenyewe

Mjomba Saidi: Winchester kule Uingereza 1997 Mark Oaten alishinda ubunge kwa kura 2. Mbili! Mpinzani akaenda kortini maana kuna karatasi zilikataliwa kwa kukosa alama rasmi, korti ikaamuru warudie, Oaten yule yule akashinda kwa zaidi ya kura 21,000

Juma: 😂😂 basi mnanisaidia mimi, si jibu limepatikana

Mwanaidi: jibu la swali lingine bana. Hizo elfu 21 hazisemi nani alishinda mara ya kwanza, watu walishachoka na mlalamikaji. Ule ni uchaguzi mpya, watu hawana hasira zile zile, wengine hawarudi kabisa. Kenya 2017 urais ulifutwa tarehe 1 Septemba, marudio Oktoba 26 Raila kajitoa, waliojitokeza hawakufika hata asilimia 40 na Uhuru akapata 98. Hapo ubishi uliisha?

Juma: ila ule wa kwanza haukuwa wa kukaribiana, tofauti ilikuwa zaidi ya milioni

Mwanaidi: ndo nachosema!! ulifutwa kwa sababu ya taratibu za kutuma matokeo, sio udogo wa tofauti. Malawi nao uchaguzi wa urais 2019 fomu za matokeo zilipakwa wino mweupe wa kufutia, majaji wakaufuta uchaguzi, 2020 wakarudia Chakwera akashinda

Da Rehema: afu Juma hebu weka sheria yako, chini ya kura 1,000 tunarudia. Aliyeshindwa kwa 1,003 atalala kweli? atapigania hizo nne mpaka aingie kwenye marudio. Ugomvi haujaisha umeuhamisha tu

Juma: duh

Juma: na wakilingana kabisa?

Mjomba Saidi: Jimbo la Virginia kule Marekani, uchaguzi wa 2017 wagombea wawili walilingana wakaweka majina kwenye bakuli, likachomolewa moja, na kiti hicho ndo kikaamua kama chama cha Republican kinabaki na wengi kwenye bunge la jimbo au wanagawana nusu kwa nusu

Shangazi Mwajuma: bakuli?! hapo niko na Juma, warudie

Da Rehema: mi pia hapo sina neno

Juma: asante shangazi 🙏 haya mengine mnaniambia niende kortini, na korti ikiwa ya mtu je

Mwanaidi: hapo hata marudio hayakusaidii, tume itakayohesabu si ile ile? Raila alijitoa akidai tume haijabadilishwa

Juma: mmh. mjomba jibu hilo

Mjomba Saidi: naandika