Waya ubongoni kwa sonona sugu: tiba au majaribio?

Mdau wa Afya: Wadau, kuna Helen Mayberg, bingwa wa ubongo aliyeanzia tiba hii Toronto, sasa yuko hospitali ya Mount Sinai, New York. Yeye na wenzake wanapitisha waya wa umeme hadi sehemu ya ubongo iitwayo eneo la 25, betri inafukiwa kifuani. Mwaka 2005 walitangaza wagonjwa 6, 4 wakapata nafuu kubwa. Je, ni sawa kumtoboa fuvu mtu ambaye dawa zote zimegoma?

Pwani Raha: Ni walewale. Yule Mreno wa kukata watu ubongo si walimpa Nobel?

Mkia wa Mbuzi: Moniz, 1949. Ila huku hawakati kitu, mashine inazimika ukitaka.

Babu Kijiko: Na betri ikifa? Mgonjwa akimbizwe Kariakoo, fundi simu ambandikie ya Kichina, kesho kifua kimevimba 😂

Fundi Kkoo: Babu, tuheshimiane. Wanangu wanasoma kwa betri hizohizo. Mteja anakuja na elfu tano anataka orijino, ikivimba fundi ndiye mwizi!

Babu Kijiko: Kwani nimekutaja jina?

Mama Zuu: Mimi nilitoa hela kamili nikaambiwa orijino. Wiki haikuisha.

Fundi Kkoo: Risiti unayo?

Mdau wa Afya: Jamani, mada ni ubongo.

Nesi wa Zamu: Wale wa 2005 walikuwa macho kwenye meza ya upasuaji. Mkondo ulipowashwa, wapo waliosema utupu umeondoka ghafla, na rangi za vitu zimekolea. Anayecheka hajauguza ndugu aliyeacha hata kuoga.

Babu Kijiko: Mwanangu, nimecheka betri, sijacheka mgonjwa.

Mkia wa Mbuzi: Nesi, utamu wa mwanzo huo. Jaribio kubwa la St. Jude Medical, kampuni iliyotengeneza mashine hizo, lilikuwa na watu 90. Miezi 6 baadaye, kwa waliowashiwa mashine, asilimia 20 ya watu walipata nafuu, kwa waliozimiwa asilimia 17. Wakaacha kusajili wagonjwa wapya.

Nesi wa Zamu: Malizia basi! Waliofuatiliwa miaka 2, karibu nusu walipata nafuu. Ugonjwa uliomkalia mtu miaka unaupimaje kwa miezi 6?

Pwani Raha: Kwa hiyo Nobel alipewa au hakupewa?

Fundi Kkoo: Mimi nauliza, kampuni ikijitoa, betri mpya ya mgonjwa analipa nani? Hapo ndipo Babu angechekea.

Mama Zuu: Fundi, usihamishe mada. Nakuja Jumamosi na simu yangu.